Alifundishwa Kusimama

Mwezi wa tano mwaka jana nilimpa mdogo wangu maneno manne: "Simama hapo, inua mikono." Ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 16, na nyumbani kwa bibi huingia mlangoni amerukuu kama yuko kwenye swala. Nilikuwa nimerudi Mafia kuandika tasnifu yangu ya uzamili. Mwalimu wa michezo wa shule yao alisikia kwamba nilicheza kikapu chuoni, akaniomba nimshikie timu kwa wiki tatu kabla ya UMISSETA. Uwanja wenyewe uko hapa Kilindoni: sakafu ya saruji yenye nyufa, nguzo mbili zilizoliwa na chumvi, ringi zisizo na wavu.

Siku ya mechi ya kirafiki nilimweka chini ya ringi yetu. Wapinzani walikuja, wakamwona, wakasita. Waliothubutu kurusha, mipira yao ilirudishwa kwa kiganja. Tulishinda kwa pointi tisa, wenzake wakajaribu kumbeba, miguu yake ikaburuza chini. Jioni, tukirudi nyumbani chini ya minazi, akaniuliza bila hasira yoyote:

"Kaka, mimi utanifundisha lini kudunda?"

Sikuwa na jibu. Na swali lenyewe nililifahamu, maana nililibeba mwenyewe miaka mitatu bila kumuuliza mtu.

Mimi pia ni mrefu, ingawa simfikii: mita 1.96. Utotoni waliniita Mnazi. Chuo nilichosoma shahada ya kwanza, kocha aliniona kwenye foleni ya usajili akaniahidi jezi kabla hajaniuliza jina. Tangu siku hiyo nilikuwa namba tano, na kazi ya namba tano ilikuwa moja: ukipata ribaundi, mpe mlinzi aliye karibu, kisha kimbia ukasimame upande wa pili. Nikidunda mara mbili, filimbi. Nikirusha kutoka mbali, benchi. Nilimaliza chuo na medali mbili na mkono wa kushoto usiojua chochote. Mwaka uliofuata nilikwenda kufanya majaribio kwenye timu ya mtaani. Baada ya robo saa nahodha wao, kijana mdogo kwangu, aliniuliza kwa adabu kabisa: "Kaka, ukiacha kusimama, unafanya nini kingine?"

Nasoma fasihi. Kazi yangu ya kila siku ni kushika andiko na kuuliza ni nani anayezungumza ndani yake. Nimeanza kuamini kwamba uchezaji wa mtu mrefu wa chuo ni andiko la watu wawili, mchezaji na kocha wake, na kwamba sisi watazamaji tuna tabia ya kumsoma mmoja tu. Andiko la namna hiyo ninalolijua kuliko yote ni la Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet.

Vijiweni hadithi yake inasimuliwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza: Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mita 2.21, chaguo la pili katika drafti ya mwaka 2009. Ya pili: aliyechaguliwa baada yake alikuwa James Harden, na Stephen Curry alikuja akiwa wa saba. Hapo watu hucheka, na kicheko kinachukua nafasi ya uhakiki. Wengine huongeza kwamba alikuwa mvivu, wengine kwamba Wamarekani walidanganywa na urefu. Mimi nilicheka pia. Kisha usiku kadhaa hapa Kilindoni, mtandao unapokuwa na nafuu, nikaanza kutazama mechi zake za chuo kama ninavyosoma riwaya, tangu mwanzo, nikitafuta alichofundishwa.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alishika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akasoma Makongo, kisha akaenda Marekani kumalizia sekondari, mwisho katika shule moja ya Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Fanya hesabu hiyo taratibu. Mwenzake wa Marekani anayeingia chuo ameshacheza miaka kumi au zaidi, na mwili wake umekwisha kujifunza mambo ambayo kichwa hakikumbuki vilijifunza lini. Thabeet aliingia akiwa na minne. Kanuni za michezo ya vyuo vya kule zinampa kocha saa 20 kwa wiki za shughuli za timu msimu ukiwa unaendelea. Kati ya saa hizo kuna mpinzani wa Jumatano na mpinzani wa Jumamosi. Muda uliobaki wa kumfundisha mtu mrefu kile alichokosa utotoni ni mdogo, na kocha lazima achague.

Calhoun alichagua jambo lililokuwa na akili. Connecticut ilikuwa timu ya bloku kabla Thabeet hajafika. Emeka Okafor, aliyeipa ubingwa wa mwaka 2004, aliacha rekodi ya chuo ya bloku 441. Mpango ulikuwa wazi: walinzi wa nje wanambana mwenye mpira bila woga, kwa sababu wanajua akiwapita atakutana na ukuta. Ukuta ukiwa wa mita 2.21, walinzi wanakuwa na ujasiri maradufu. Timu nzima inasimama juu ya mtu mmoja anayejua pa kusimama.

Na alijua. Msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa bloku 3.8 kwa mechi, wa pili 4.5, wa tatu 4.2. Alimaliza na bloku 417 katika misimu mitatu, nyuma ya Okafor peke yake katika historia ya chuo hicho. Mara mbili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Ukiitazama mechi hiyo bila kujua yatakayofuata, utasema unaona bingwa. Mimi nilipoitazama mara ya pili niliacha kufuata mpira nikafuata miguu yake. Inafanya safari fupi mno: kutoka chini ya ringi hii hadi chini ya ringi ile, na kurudi. Katikati ya safari mpira hauko kwake. Hata pointi zake nyingi huanzia kwa wengine. Mlinzi anavunja, anavuta watu, anampa mpira juu, naye anautia ndani. Msimu huo alifunga takribani mitupo 64 katika kila 100 aliyojaribu. Ni takwimu ya mtu mwenye nidhamu. Ni takwimu pia ya mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kukosea mbali na ringi.

Sisemi kwamba hakukua. Pointi zake zilipanda kutoka 6.2 kwa mechi hadi 13.6, ribaundi kutoka 6.4 hadi 10.8. Timu iliyoshinda mechi 17 na kupoteza 14 alipoingia, ilishinda 31 na kupoteza tano alipokuwa anaondoka. Mtu anayesema Calhoun hakumfundisha kitu hajatazama. Alifundishwa, tena vizuri. Hoja yangu iko hapo hapo kwenye neno vizuri.

Wiki mbili na ushei baada ya Providence, tarehe 16 Februari, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja nchini ilicheza na Pittsburgh. Kwa upande wa pili alikuwa DeJuan Blair, mtu wa mita mbili hivi, mpana kama mlango wa ghala. Mapema kabisa, wakigombea mpira, mikono yao ilinasana, Blair akainama, na Thabeet akapita juu ya bega lake akaanguka chini. Picha hiyo ilizunguka dunia. Lakini kilichoendelea baada ya picha ndicho cha kusoma. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68.

Blair alifanya nini? Alikataa kupigana mahali Thabeet alipofundishwa kupigana. Bloku ni mchezo wa juu: mikono, macho, kujua saa ya kuruka. Blair aliuhamishia chini, kwenye nyonga na mapaja. Kabla mpira haujarushwa alikuwa amekwisha kumsukuma mwenzake nusu hatua, na nusu hatua inatosha kuufanya mkono mrefu ufike umechelewa. Vita ya nyonga hufundishwa kwa kurudiarudia, miaka mingi, dhidi ya mtu wa uzito wako. Mtu aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15, akawa kila mahali anawapita wote kimo, angeipata wapi? Kila uwanja aliopitia ulikuwa umemwambia kwamba urefu unatosha, na mpaka jioni ile kwa kweli ulikuwa umetosha.

Mwisho wa msimu wawili hawa walichaguliwa pamoja kuwa wachezaji bora wa Big East. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73 huko Detroit. Kwenye drafti, Memphis Grizzlies ilimchukua Thabeet akiwa wa pili. Blair, ambaye madaktari walikuta magoti yake hayana mishipa muhimu ya kuyashikilia, alisubiri hadi nafasi ya 37. Soko lilinunua kimo na likaogopa magoti. Hakuna aliyebandika bei kwenye kile kilichotokea Februari 16.

Sasa tunafika kwenye kipande ambacho vijiwe huruka. Ligi aliyoingia Thabeet ina sheria ambayo michezo ya vyuo haina. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi wa NBA haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Kwa lugha nyepesi, kile alichokifanya kwa ustadi kwa miaka mitatu, kusimama na kusubiri, kilikuwa kosa. Ilibidi aingie na kutoka, ahesabu, amfuate mtu wake nje, arudi kwa wakati. Na walinzi wa ligi hiyo wanajua kumvuta mtu mrefu hadi nje, ambako lazima ateleze ubavu kwa ubavu na mtu wa mita 1.88 mwenye mpira mkononi. Hayo yote ni kazi ya miguu. Tunarudi kwenye miguu ile ile iliyofanya safari fupi.

Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 na bloku 1.3. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya kulea vipaji, na hakuna mchezaji wa chaguo la juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Mbele yake Memphis alikuwepo Marc Gasol, Mhispania aliyechukuliwa wa 48 mwaka 2007. Gasol hakupitia chuo cha Marekani. Alikomaa kwenye klabu za Hispania, ambako mtu mrefu hufundishwa pasi na nafasi akiwa bado mtoto, na akaruhusiwa kuwa mchezaji wa kawaida kwa miaka kadhaa bila mtu kumtaka awe mwokozi wa msimu. Mwaka 2013 Gasol alitajwa mlinzi bora wa NBA akiwa na wastani wa bloku 1.7 tu. Ulinzi wake ulikuwa kufika mapema na kuwapanga wenzake kwa sauti. Bloku ilikuwa akiba, siyo mshahara.

Kuna pingamizi, na ninazijua kwa sababu nimejipinga mwenyewe.

Ya kwanza ni Okafor. Kocha yule yule, chuo kile kile, mpango ule ule wa bloku, na Okafor naye alichaguliwa wa pili, mwaka 2004, kisha akawa mchezaji bora chipukizi wa NBA. Basi kosa liko wapi kwa Calhoun? Naikubali nusu yake. Okafor alikulia Marekani na mpira mkononi. Mpango wa bloku ulimkuta ana nyumba, ukamjengea baraza. Kwa Thabeet baraza ndilo lililokuwa nyumba yenyewe. Fundisho moja linaweza kumkamilisha mtu na kumfunga mwingine, na kocha mwenye saa 20 kwa wiki hana sababu ya kutofautisha, maana ubao wa matokeo hautofautishi.

Ya pili ni Dikembe Mutombo. Yeye pia alitoka kwetu huku, Kinshasa, akafika Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari, akajifunza kikapu ukubwani, akafundishwa bloku, na akazifanya NBA kwa misimu 18. Kweli. Lakini tazama nani alimfundisha. John Thompson alikuwa senta mwenyewe, aliyekaa misimu miwili Boston nyuma ya Bill Russell. Na mazoezini Mutombo alikutana na Alonzo Mourning, kijana mrefu, mwenye hasira na nyonga za chuma. Kila siku ya mazoezi ya Mutombo ilikuwa na Februari 16 yake, bila kamera. Tena aliingia NBA mwaka 1991, wakati masenta wengi bado walikuwa wanapigania chini ya kikapu, na kwa hiyo aliyemlinda senta alikaa karibu na nyumbani. Thabeet alifika mchezo ukiwa umeshaanza kuhamia nje.

Ya tatu ndiyo inayoniuma: Thabeet ni mtu mzima. Majira ya joto yalikuwa yake, na pesa za chaguo la pili zingeweza kumlipa mwalimu yeyote duniani. Simwondolei sehemu yake. Alicheza pia Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akaenda mbali, Japani na Taiwan, akipata riziki kwa mikono ile ile, na sioni aibu yoyote katika maisha hayo. Nauliza jambo dogo zaidi. Mtu aliyeambiwa tangu utineja kwamba thamani yake iko kwenye kusimama, atajuaje kwamba kuna kitu kingine cha kwenda kukinunua? Mimi sikujua. Nilidhani mkono wangu wa kushoto ni wa kuzaliwa nao hivyo.

Wala hadithi hii haikuishia kwake. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alianza kikapu akiwa na miaka kama 13, akapitia akademia ya NBA ya Saly, Senegali, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Msimu wa 2024/25 alikuwa Duke. Nilimtazama kwa furaha ya ndugu. Ana miguu ambayo Thabeet hakuwa nayo. Anatoka nje, anateleza, anarudi. Ila kwenye ushambuliaji kazi yake ilikuwa ile ile: kimbia, ruka, upokee juu, utie. Kwenye nusu fainali, Houston ikiwa na watu wafupi na wapana waliomwekea nyonga mechi nzima, Maluach alimaliza bila ribaundi hata moja. Duke ilifungwa 70 kwa 67. Wiki chache baadaye alitangaza kuingia kwenye drafti, akachaguliwa wa kumi. Mwaka mmoja wa chuo, na kila saa ya mwaka huo ilikuwa na bei yake.

Siku moja nilivuka kwenda Jibondo kumtembelea mjomba, fundi wa mashua. Hachori ramani, anaunda kwa jicho na kwa mkono, kama alivyofundishwa. Nilimkuta na watu wawili. Kijana mmoja alikuwa anashindilia pamba ya kalafati kwenye maungio ya mbao, haraka na safi kiasi kwamba nilisimama nikatazama. Nikamsifu kwa mjomba. Mjomba akatikisa kichwa.

"Huyo yuko na kalafati mwaka wa saba. Nilimpa siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa na chombo cha kumaliza. Kikaja kingine, na kingine. Mkono wake ukawa mzuri mno kwenye kalafati, nikashindwa kumtoa. Leo mpe mkuku aulaze, hajui aanzie wapi." Akanyamaza kidogo. "Kosa langu. Lakini vyombo vyote vilielea."

Tunasema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Niliporudi na mashua jioni ile nilikuwa nafikiria aliyeunda, na alichokosa kuundiwa yeye mwenyewe.

Nilipofika Kilindoni niliamua kumfundisha mdogo wangu kudunda. Zilikuwa zimebaki siku nane. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, macho mbele, usiutazame mpira, hauendi kokote. Kwenye mechi iliyofuata nilimruhusu kuutoa mpira nyuma mwenyewe. Aliupoteza mara kumi na moja. Tulifungwa. Mwalimu wa michezo hakugomba, alisema tu kwa upole, "Umetung'olea mlingoti, bwana." Wachezaji wenzake waliniangalia kama mtu aliyeharibu harusi.

Kisha akaja mama mdogo. Alikuwa amepigiwa simu: kuna shule huko bara inatafuta watoto warefu, ada wanafuta, chakula wanatoa. Wangemtazama kwenye mashindano ya mkoa. Nikamweleza, kwa maneno mengi ya chuo kikuu, kuhusu Thabeet na Mutombo na mwanafunzi wa kalafati. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikuna nazi. Akasema:

"Kama kusimama kutampeleka shule, mwanangu, basi asimame."

Sijapata jibu la kumshinda, na sitaki kulitafuta. Ana haki. Kusimama kulimtoa Thabeet Dar es Salaam, kukamfanya milionea. Kulinipa mimi nafasi kwenye timu na marafiki nilio nao hadi leo. Mhakiki anayesahau kwamba urefu ni tiketi, na kwamba watu wengine hawana tiketi nyingine, anahakiki akiwa ameshiba. Tena sheria za kimataifa ambazo watoto wetu hucheza hazina zile sekunde tatu za mlinzi. Mdogo wangu anaruhusiwa kusimama mchana kutwa.

Kwa hiyo sitaki kocha aache kumtumia mtu mrefu alivyo. Ninachodai kwao, na kwangu mimi wa wiki zile tatu, ni nusu saa. Kila siku ya mazoezi, nusu saa ya kumfundisha mtu mrefu jambo ambalo mechi ya Jumamosi hailihitaji. Adunde, akosee, apigwe nyonga na mtu mpana, apase akiwa amefumbwa macho na kelele. Nusu saa hiyo haitaonekana kwenye ubao wa matokeo, na kwa sababu hiyo haitolewi. Hapo ndipo ningependa uhakiki wetu wa michezo uangalie. Tukihesabu bloku peke yake tunamsaidia kocha kuficha kile alichokiacha.

Aliteuliwa. Asubuhi ya safari niliwasindikiza hadi gatini kupanda boti ya Nyamisati. Mwalimu mwingine, aliyekuja kuwapokea wachezaji, alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, akacheka kwa furaha ya mtu aliyeokota, akamwambia mwenzake: "Huyu kazi yake ni moja tu, kusimama pale chini." Mdogo wangu aliniangalia. Nilitazama maji.

Boti ilichelewa, kama kawaida. Wenzake walikaa juu ya mabegi wakila mihogo. Yeye aliutoa mpira akaanza kuudunda kwenye saruji ya gati, kwa mkono wa kushoto, taratibu, macho mbele kama nilivyomwambia. Mara mbili ulimponyoka ukaelekea ukingoni, na mara mbili aliuwahi kwa hatua moja ndefu kabla haujaanguka baharini. Mara ya tatu haukumponyoka. Alihesabu kwa sauti hadi kumi na nne, kisha wakaita majina.